Kuandika lengo la mtoto mwenye mahitaji maalumu: anza na kitendo kinachoonekana

Kwenye mafaili mengi ya elimu maalumu utakuta lengo limeandikwa "Mtoto aweze kujitegemea". Likizo ya Juni inafika na hakuna anayeweza kusema kama limefikiwa, kwa sababu kujitegemea hakuonekani kwa macho wala hakuhesabiki. Kinachoonekana ni mtoto kufungua koki, kutoa kadi ya picha kuomba maji, kuvua viatu. Lengo lenye maana humwondolea mtoto mkono wa mtu mwingine kwenye jambo analolihitaji kila siku. Mwongozo huu ni wa walimu wa vitengo vya elimu maalumu na wazazi hapa Dar es Salaam, na daftari la mistari na kalamu vinatosha kuufuata.

Hatua ya 1: Mtazame siku 5 kabla ya kuandika chochote

Chagua nyakati tatu za siku, kwa mfano kufika shuleni, kula na kwenda chooni. Andika anachofanya mwenyewe na mahali msaada unapoanzia. "Hawezi kula" haitusaidii. "Anashika kijiko, anachota uji, unamwagika kabla haujafika mdomoni" inatuonyesha kazi iko wapi.

Kisha zungumza na anayekaa naye muda mrefu zaidi nyumbani. Mara nyingi ni bibi au dada wa kazi, wala si mzazi anayehudhuria vikao. Muulize maswali mawili: ni kazi gani unamfanyia kila siku ambayo ungependa aifanye mwenyewe? Na anapenda nini kiasi cha kukifuata bila kuitwa? Jibu la swali la pili ndilo litakalokupa zawadi ya kumpa anapojaribu, na hiyo ndiyo nguvu ya kumfundisha.

Hatua ya 2: Punguza hadi malengo 3

Orodha ya mwanzo huwa na mambo 10 au zaidi. Bakiza 3, kwa sababu mwalimu mwenye darasa zima hawezi kurekodi 10 kwa kila mtoto, na lengo lisilorekodiwa hufa ndani ya wiki mbili. Kwa kila moja uliza: kitendo hiki kinatokea angalau mara moja kila siku? Asipokifanya yeye, kuna mtu analazimika kumfanyia? Yeye mwenyewe atapata nini?

Swali la mwisho husahaulika sana. "Atakaa kimya dakika 30" linamfaa mwalimu. Mtoto anayepiga kelele kwa sababu ana kiu anahitaji njia ya kuomba maji, na akiipata kelele nyingi hupungua zenyewe. Ndiyo maana lengo linaloanza na "hata" (hatapiga, hatatupa, hatalia) liandikwe upya kwa kutaja atakachofanya badala yake.

Hatua ya 3: Liandike kwa sehemu 4

Hali, kitendo, kiasi cha msaada, kigezo. Mfano kwa mtoto asiyezungumza:

*"Akiwa na kiu darasani, atampa mwalimu kadi yenye picha ya kikombe, bila kuguswa mkono, mara 4 kati ya 5, kwa siku 3 mfululizo."*

Mara 5 kwa siku zitatoka wapi? Hazitokei zenyewe. Mimina robo kikombe badala ya kikombe kizima, ili aombe tena. Lakini usimnyime maji ili umfundishe, hasa kwenye joto la Januari na Februari. Asipotoa kadi ndani ya sekunde 5 hivi, msaidie kuitoa kisha mpe maji palepale. Kwa mtoto kiziwi, kadi hiyo nafasi yake ichukuliwe na ishara ya Lugha ya Alama ya Tanzania, nanyi mlio karibu naye mjifunze ishara hiyo kwanza.

Kigezo kinataka akili. "Mara 4 kati ya 5" kinafaa kwa kadi ya maji. Kwa kuvuka Barabara ya Mandela hakifai kabisa, maana ile mara ya 5 ndiyo anayogongwa. Mambo ya usalama yafundishwe mtu mzima akiwa kando yake, na kigezo kiwe kila mara, bila kukosa hata moja.

Hatua ya 4: Vunja kitendo vipande

Kunawa mikono kwenye ndoo yenye koki kuna vipande 8: kwenda kwenye ndoo, kufungua koki, kulowanisha mikono, kufunga koki, kuchukua sabuni, kusugua viganja na kati ya vidole mkihesabu hadi 20, kufungua tena na kusuuza kisha kufunga, kufuta.

Kwa watoto wengi wenye ulemavu wa akili, anza kufundisha kutoka mwisho. Msaidie vipande 7 vya kwanza, cha 8 afanye mwenyewe, kisha moja kwa moja kwenye chakula. Anamaliza kwa kufanikiwa kila siku. Akikiweza cha 8 siku 3, mwachie cha 7 na cha 8.

Rekodi msaada kwa herufi moja kwa kila kipande: P (peke yake), N (kwa neno), K (kwa kidole), V (umemwonyesha kwa vitendo), M (mkono juu ya mkono). Safu ya M ikigeuka V, kisha K, unayaona maendeleo hata kama lengo bado. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo usimvute mkono uliokaza. Subiri ulegee, au badilisha kifaa. Mwenye usonji akikimbia sabuni, jaribu kwanza isiyo na harufu kabla ya kuandika "mkaidi".

Hatua ya 5: Fanyeni na nyumbani

Shuleni koki, nyumbani ndoo na kata. Mtoto anayenawa vizuri shuleni akakwama nyumbani hajasahau: kuchota kwa kata ni ujuzi mwingine, na una vipande vyake. Andika vipande vya nyumbani kando, mpe mlezi karatasi yenye kipande kimoja tu cha wiki hiyo, naye aweke alama ya vema au mkasi.

Hatua ya 6: Pitia kwa idadi ya mazoezi, si kwa tarehe

Wakati wa masika Jangwani ikijaa maji, mtoto anaweza kukosa shule siku kadhaa. Ukipitia kwa kalenda utasema ameshindwa wakati hakufundishwa. Hesabu mazoezi aliyofanya kweli.

Mazoezi 10 bila mabadiliko ya herufi: badilisha kitu kimoja tu. Mara nyingi kipande ni kikubwa mno, kivunje viwili. Au zawadi imemchosha, au msaada unatolewa haraka kabla hajapata nafasi ya kujaribu. Hili la mwisho ndilo kosa letu kubwa, na dawa yake ni kuhesabu hadi 5 kimoyomoyo kabla ya kunyoosha mkono.

Akifikia kigezo, usifunge lengo siku hiyo. Badilisha mtu, kisha mahali. Akimpa kadi mwalimu wa darasa jingine, kisha bibi yake, bila kuambiwa, hapo andika tarehe na uanze lengo jipya.