Somo: Vyuma vya kunyooshea hausingi ya difu ya Hilux

Gari likila tairi za nyuma upande wa ndani na kuua sili na beringi mara kwa mara, usikimbilie hafushafti mpya, ile shafti inayozungusha gurudumu. Mzigo mzito na makorongo huinua ncha za hausingi, lile bomba la chuma linalobeba difu katikati na magurudumu ya nyuma nchani, magurudumu yakasimama kama mtu aliyetanua miguu. Nimeona hausingi nzuri zikiharibiwa kwa kunyooshwa kwa macho, na inaniuma. Kwa hiyo tunaanza na chuma cha kupimia.

1. Tafuta kwenye vyuma chakavu kasha la difu (chuma kinachoshika gia za difu) la gari lilelile, utoe gia za krauni na pinioni, na beringi. Fundi wa lethi, mashine ya kuchonga chuma, akuchongee visahani viwili vya kukaa kwenye nafasi za beringi za pembeni, kila kimoja na tundu katikati la kupitisha shafti ya milimita 38 bila kucheza. Vifuniko vya beringi virudi kila kimoja mahali pake. Ukivibadilisha, tundu si duara tena. Shafti ipite ncha za hausingi kwa sentimita 10 hivi kila upande.

2. Mwaga oili, toa hafushafti, difu na sili. Funga kasha tupu kwa boliti zote, pitisha shafti. Izungushe kwanza: nafasi kati ya shafti na hausingi pale nchani ikibadilika, shafti yenyewe imepinda. Ikitulia, pima nafasi hiyo kwa kalipa (kipimo cha milimita) juu, chini, mbele na nyuma. Ukipata juu milimita 23 na chini 19, ncha imepanda milimita 2, yaani nusu ya tofauti. Andika kwa chaki palepale.

3. Sasa kunyoosha. Laza boriti ya H chini ya hausingi, funga ncha zote mbili kwa mnyororo, weka jeki ya tani 20 palipopinda, mara nyingi karibu na kitako cha springi. Juu ya jeki weka kipande cha bomba kilichopasuliwa, hausingi isibonyee. Chomoa shafti, kaza kidogo, legeza, rudisha shafti upime. Usipime jeki ikiwa imekaza, maana chuma hurudi. Usisimame usawa wa mnyororo.

Maswali

*Fundi, kamba haitoshi? Lethi ni gharama.*
Haitoshi, ndugu yangu. Ncha zote mbili zikipanda sawasawa, kamba ya kutoka ncha hadi ncha itakuambia ziko sawa. Lazima uanzie katikati, kwenye difu.

*Nikitumia gesi badala ya jeki?*
Inawezekana kwa kasoro ndogo. Pasha sehemu ndogo upande wa chini wa bomba mpaka iwe nyekundu, acha ipoe kabisa. Chuma hunywea kikipoa, ncha ikashuka. Wengi hupasha juu, wakazidisha ubaya. Safisha oili yote ndani kwanza, na hausingi iwe wazi.

*Yangu ina ufa kwenye kitako cha springi.*
Hiyo usiivute kabisa, kaka. Tafuta nyingine, na uipime kabla hujalipa.