Umemaliza deni lakini jina bado liko CRB? Fuata hatua hizi

Wakenya wengi huamini kwamba ukishalipa shilingi ya mwisho, jina lako hutoka CRB, yaani kwenye kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, siku hiyo hiyo. Mimi pia niliamini hivyo. Nililipa mkopo wa simu wa shilingi 2,700 uliokuwa umenisumbua zaidi ya mwaka mmoja, nikapokea ujumbe wa shukrani, nikatulia. Miezi minne baadaye nilitakiwa kupeleka cheti cha CRB kwa ajili ya kazi, nikakuta deni lile lile linaonyesha halijalipwa. Mkopeshaji alipokea pesa zangu lakini hakupeleka taarifa. Kazi ilienda kwa mwingine. Ndiyo maana naandika haya kwa kirefu.

Elewa kwanza malipo yanabadilisha nini. Historia haifutwi. Kinachobadilika ni hali ya mkopo: ulikuwa haulipwi, sasa umelipwa. Habari kwamba uliwahi kushindwa hubaki kwenye ripoti yako ya CRB kwa miaka 5 tangu siku ulipomaliza deni, na benki itakayosoma ripoti yako itaona yote mawili. Usikate tamaa kwa hilo. Deni lililofungwa halisomwi sawa na deni lililo wazi, na hiyo miaka 5 haianzi kuhesabiwa mpaka umalize kulipa. Kila mwezi unaoahirisha, unasogeza mbele siku ya kuwa huru.

Anza kwa kupata ripoti yako. Kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya kwa kazi hii ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Usiombe kwa moja tu, kwa sababu kumbukumbu zao zinaweza kutofautiana. Unajisajili kwa nambari ya kitambulisho na ya simu, kupitia tovuti zao au programu za simu. Metropol wana pia msimbo wa kupiga kwenye simu, *433#. Una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka, na nyingine ukinyimwa mkopo kwa sababu ya yaliyoandikwa humo. Ukiipata, isome polepole: jina la mkopeshaji, nambari ya akaunti, kiasi, na siku za kuchelewa. Mkopo huhesabiwa kuwa mbovu ukipita siku 90 bila kulipwa. Tangu kanuni za 2020, deni la chini ya shilingi 1,000 halipaswi kukuharibia jina, kwa hiyo ukilikuta, lipinge.

Angalia pia anayekudai ni nani. Mwaka 2020 wakopeshaji wa mitandaoni wasiosimamiwa walizuiwa kupeleka majina CRB, na tangu 2022 wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Programu isiyokuwemo ikikutishia kwamba itakupeleka CRB, inatumia jina la CRB kukutia hofu tu. Deni lake ni suala jingine, na kama ulikopa unadaiwa, lakini usilipe kwa kuogopa kitu ambacho programu hiyo haina uwezo nacho.

Sasa kiasi. Hapa ndipo watu wanaponyonywa, hasa deni likishakabidhiwa kwa wakala wa kukusanya madeni. Anakupigia saa kumi na mbili asubuhi, anataja kiasi ambacho hukijui, anataka pesa kabla ya saa sita. Usilipe kwenye simu hiyo. Mwambie akutumie barua au barua pepe, kisha wasiliana na mkopeshaji mwenyewe uulize salio. Kwa mikopo ya benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: mkopo ukishakuwa mbovu, riba haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Kama ulikuwa umebakiza 8,000, riba yote ya baadaye haipiti 8,000, yaani jumla ni 16,000 pamoja na gharama halisi za kudai. Ukitajiwa 40,000, omba mchanganuo wa maandishi, tena ukitaje kifungu hicho kwa nambari yake.

Ukiwa na pesa taslimu kidogo, omba kupunguziwa. Wakopeshaji wengi hukubali, kwani deni la zamani kwao ni hasara waliyokwishaihesabu. Ila makubaliano yaandikwe kabla hujatuma hata shilingi, na yaseme wazi kwamba kiasi hicho kikilipwa salio litakuwa sifuri. Vinginevyo kesho utadaiwa kile kilichosamehewa.

Na matusi je? Kanuni za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha, kukutukana au kuwatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yako. Hifadhi ushahidi, uwashtaki kwa Benki Kuu au kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hakuna aibu katika kushtaki, hata kama kweli unadaiwa.

Lipa kwa Paybill (nambari ya malipo ya M-Pesa ya kampuni) au akaunti ya mkopeshaji, kamwe si kwa nambari ya mtu binafsi. Weka ujumbe wa M-Pesa na taarifa ya akaunti. Kisha omba barua ya kumaliza deni, na hapa usikubali kuzungushwa. Barua hiyo iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, nambari ya akaunti, tarehe ya malipo ya mwisho, na maneno kwamba salio ni sifuri. Mwombe pia mkopeshaji apeleke taarifa kwa kampuni zote tatu.

Baada ya wiki chache chukua ripoti tena. Ikiwa haijabadilika, peleka malalamiko kwa kampuni ya CRB yenyewe ukiambatanisha barua na uthibitisho wa malipo. Wao wanapaswa kumuuliza mkopeshaji na kurekebisha kilichokosewa. Hii ni haki yako na hailipiwi. Wale vijana wanaotangaza mitandaoni kwamba wanaweza kukufutia jina kwa elfu tatu, hawana mlango ambao wewe huna.

Cheti cha CRB unakiomba ripoti ikishasomeka vizuri. Cha kwanza hutolewa bila malipo, vinavyofuata hulipiwa. Kinaeleza hali yako siku kilipotolewa, kwa hiyo kiombe karibu na siku ya kukitumia, hasa ukitafuta kazi ya serikali ambako huambatana na hati za KRA (mamlaka ya kodi), HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na DCI (idara ya upelelezi). HELB nao hupeleka majina ya wasiolipa CRB, hivyo ukidaiwa huko anza nao, maana utahitaji hati yao vilevile.

Barua ya kumaliza deni ichapishe, uiweke pamoja na hati zako za shule kwa miaka yote 5. Programu za mikopo huondoka kwenye simu na kumbukumbu zake zote, na siku jina lako litakapoibuka upya, karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa.