Somo: Trekta la Massey 135 linapiga stata lakini haliwaki. Anza na moshi, pampu iache mwisho

Msimu uliopita niliitwa shamba moja karibu na Magugu. Massey 135, rangi nyekundu imebaki kwenye boneti tu, limesimama chini ya mgunga siku ya tisa. Mvua za kwanza zimeshanyesha na majirani wanalima. Fundi aliyenitangulia alipiga stata mara mbili, akasema pampu imekufa, akaifungua na kuondoka nayo mjini ndani ya mfuko wa salfeti. Pampu ikarudi na bili ndefu, ikafungwa, trekta likagoma vilevile.

Mimi nilifungua boliti moja ya filta ya dizeli. Juu kulikuwa na washa mpya ya mpira, na chini yake ile ya zamani, imebanwa mpaka imekuwa bapa kama ganda la mbegu ya boga. Mtu alibadilisha filta akasahau kubandua washa ya kwanza. Zikikaa mbili hazibani, hewa inapita. Kazi yote dakika arobaini, na nusu yake nilikuwa nasubiri mtoto akalete spana nyumbani.

Ndiyo maana naandika. Matrekta haya mengi hayagomi kwa ugonjwa mkubwa, yanagoma kwa hewa na uchafu.

Nazungumzia 135 la dizeli lenye injini ya Perkins ya silinda 3, lita 2.5. Yalitoka kiwanda cha Coventry, Uingereza, kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970, na bado yapo mashambani kwetu. Mwenye 240 la injini hiyohiyo atakuta karibu kila kitu kinafanana.

Neno moja kuhusu zana. Nati za trekta hili ni za inchi. Tafuta 5/16, 7/16, 1/2, 9/16 na 5/8. Najua spana ya 13 inaingia kwenye nati ya 1/2, lakini inaingia ikiwa na nafasi kidogo, na nafasi hiyo ndiyo inayokula kona. Nati nyingi za mviringo ninazokutana nazo zilianza hivyo.

HATUA YA 1: Kabla hujashika spana

Weka breki ya mkono, gia nyutro, mawe mbele na nyuma ya tairi. Kisha angalia kile kitufe cha kuvuta cha kuzimia injini. Kimerudi ndani mpaka mwisho? Usicheke. Waya wake ukishika kutu, unasukuma kitufe kinarudi lakini mkono mdogo kwenye pampu unabaki umezima. Nenda kautazame kwa macho mkono wenyewe huku mwenzako anavuta na kusukuma. Nimewahi kulipwa nauli ya kwenda na kurudi kwa kuusogeza mkono huo kwa kidole.

Dizeli ipo kwenye tangi? Koki chini ya tangi iko wazi? Betri inazungusha injini kwa nguvu au inakokota? Injini ya dizeli inawaka kwa joto la mgandamizo. Ikizungushwa polepole joto halifiki, hata kila kitu kingine kiwe kizima. Sugua vichwa vya betri, na usisahau waya wa athi pale unapofungwa kwenye bodi, maana hapo panaota kutu hakuna anayeona.

HATUA YA 2: Soma moshi

Mwambie mtu apige stata sekunde kumi hadi kumi na tano, wewe simama utazame eksozi. Halafu iache stata ipumzike.

Hakuna moshi hata chembe: dizeli haifiki kwenye silinda. Nenda hatua ya 3 na ya 4.

Moshi mweupe unatoka lakini haiwaki: dizeli inafika, haiungui. Inaweza kuwa baridi, injini kuzunguka polepole, mgandamizo kuwa hafifu, au taimingi ya pampu (wakati inapotema dizeli) kuwa mbaya. Hapo hatua ya kutoa hewa haitakusaidia, ruka mpaka ya 5.

Huu ndio mtihani ambao yule fundi wa kwanza hakuufanya. Hauna gharama yoyote.

HATUA YA 3: Fuata dizeli kutoka kwenye tangi

Legeza bomba linaloingia kwenye lifti pampu, ile pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa bloku yenye kijimkono cha kupampu. Kinga kopo. Dizeli ishuke yenyewe, mkondo kamili. Ikidondoka matone, tatizo liko juu: koki imeziba, au kuna takataka kwenye tundu la tangi. Ndani ya matangi nimetoa majani, kipande cha gunia, na siku moja mfuniko wa chupa ya soda.

Mkondo ukiwa mzuri, rudisha bomba. Fungua kifuniko cha juu cha lifti pampu, toa kawavu kaliko ndani, kaoshe kwa dizeli. Sasa pampu kwa mkono. Kijimkono kikiwa kinacheza bila kuvuta chochote, usikimbilie kusema kimekufa. Inawezekana kemu ya injini, ile nundu inayozunguka na kusukuma lifti pampu, imekaa juu na imeushikilia mkono. Zungusha injini kidogo, jaribu tena. Hapo ndipo wengi wamenunua lifti pampu mpya bure.

Filta: badilisha, na ung'oe washa ZOTE za zamani, ya juu, ya chini, na kale kamviringo kadogo ka katikati kwenye boliti. Pitisha kucha kwenye mfereji kuhakikisha hakuna iliyobaki. Kwenye bakuli la chini ukikuta maji au tope jekundu, basi tangi nalo lioshwe, vinginevyo utarudi hapa wiki ijayo.

HATUA YA 4: Kutoa hewa

Hapa usiwe na haraka. Mpangilio ni kutoka tangi kwenda mbele, hauruki.

Kwanza filta. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta, pampu kwa mkono polepole. Itatoka povu, halafu dizeli yenye vipovu, halafu dizeli safi. Funga wakati bado inatoka, usisubiri ikome.

Pili pampu kubwa inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli (vile vinavyoinyunyiza ndani ya silinda), ile ya mviringo yenye chapa ya CAV. Ina skrubu mbili za hewa: moja ubavuni kwenye bodi, nyingine juu kwenye kifuniko cha gavana, kile kidhibiti kasi ya injini. Zifute kwanza kwa kitambaa, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikiingia humo imekula pampu. Legeza zote mbili, pampu. Ya ubavuni itasafika mapema, ifunge. Endelea kupampu mpaka ya juu nayo isafike, uifunge. Mkono utachoka. Ya juu inachelewa, na wengi hukata tamaa hapo wakaiacha na hewa.

Tatu mabomba ya nozeli. Legeza nati mbili upande wa nozeli, siyo upande wa pampu, mzunguko mmoja tu. Vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, kitufe cha kuzimia kiwe ndani, piga stata. Dizeli itatoka kwa mapigo, tsi, tsi, tsi. Ikiisha povu kaza nati na upige tena. Silinda moja itashika, itatetemesha trekta zima, kisha nyingine zitafuata.

Usiweke kidole wala kiganja mbele ya bomba au nozeli inayotema. Dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia ndani ya mwili. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, na mtu hupoteza mkono kwa kukidharau. Ikitokea, ni hospitali papo hapo.

HATUA YA 5: Kama bado

Kwa moshi mweupe asubuhi ya baridi, jaribu hita iliyo kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Geuza swichi upande wa joto, hesabu sekunde kumi na tano hadi ishirini, ndipo upige stata. Ukigusa manifodi karibu nayo bila kusikia joto, hita imekatika au haipati dizeli.

Kisha tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na kile kinachoisukuma. Injini ikiwa baridi, nafasi ni milimita 0.30, kwa valvu zote. Zikibana sana valvu hazifungi vizuri na mgandamizo unatoroka. Baada ya hapo, zitoe nozeli zote tatu zipelekwe kupimwa kwenye mashine. Pampu kubwa ndiyo ya mwisho kabisa, nayo haifunguliwi chini ya mti. Inafunguliwa pale penye benchi ya kupimia, au isifunguliwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kahama): Fundi shikamoo. La kwangu linawaka vizuri, nikilima robo saa linakosa nguvu na kuzima. Nikiliacha nusu saa linawaka tena kama hakuna kilichotokea.

Jibu: Marahaba. Likizima tu, nenda fungua kifuniko cha tangi ukitega sikio. Ukisikia linavuta hewa "fsss", tundu la kupumulia kwenye kifuniko limeziba. Dizeli inashuka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mwisho tangi linaishikilia dizeli. Zibua kwa waya mwembamba. Kama halivuti, basi kuna kitu kinaelea kwenye tangi kinaziba tundu kikifyonzwa na kuachia injini ikizima. Mwaga dizeli yote, uoshe.

Swali (Mvomero): Mkuu, oili ya injini inapanda badala ya kupungua. Dereva wangu anafurahi anasema injini haili oili.

Jibu: Mwambie asifurahi, na trekta lisimame leo. Nusa kijiti cha oili. Kikinuka dizeli, mpira wa ndani wa lifti pampu umechanika na dizeli inamwagika kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili ikichanganyika hivyo inakuwa nyepesi, bearingi zinakwenda. Badilisha mpira au pampu ndogo nzima, mwaga oili, weka mpya na filta yake. Kama oili ingekuwa nyeupe kama maziwa, hayo ni maji, na habari ni nyingine: gasketi ya silinda hedi au ufa.

Swali (Babati): Jirani ananishauri nichanganye mafuta ya taa yasafishe pampu. Mwingine ananiambia nipulize ile dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa.

Jibu: Yote mawili hapana. Pampu ya CAV haina oili yake yenyewe, inalainishwa na dizeli inayopita ndani. Mafuta ya taa ni makavu, yanaisaga. Na dawa ya kupuliza, ukiipiga huku hita ya manifodi ina joto, inalipuka kabla ya wakati wake. Nimeona pistoni yenye ringi zilizovunjika vipande vitatu kwa sababu ya kopo moja.

Swali (Kilosa): Langu halipigi stata kabisa. Kimya. Taa zinawaka. Dereva analiwasha kwa kugusisha bisibisi kwenye stata.

Jibu: Mkataze leo hii. Angalia ile gia ya kubadilisha spidi kubwa na ndogo, iweke nyutro. Chini yake kuna swichi ya usalama inayozuia stata isifanye kazi kama trekta liko kwenye gia. Swichi hiyo hushika kutu au waya wake hukatika. Kwa bisibisi unairuka. Mtu anasimama mbele ya tairi la nyuma, trekta liko kwenye gia, linawaka na kumpanda. Swichi ni kitu kidogo, nunua.

Swali (Kongwa): Moshi mweusi nikiwa na plau ya diski tatu, trekta likiwa tupu hautoki.

Jibu: Kongwa kwa vumbi lile, naanza na hewa. Kisafisha hewa cha 135 ni cha oili, kile cha bakuli. Fungua bakuli uone. Kama oili imekuwa tope, injini inapumulia kwenye matope. Osha kwa dizeli, weka oili mpya mpaka kwenye alama, usizidishe kwa sababu itafyonzwa na injini. Msimu wa kulima kwenye vumbi bakuli linaangaliwa kila siku. Moshi ukibaki, nozeli zipimwe. Na jiulize pia kama hulimi kina kirefu kuliko nguvu ya farasi zipatazo 45.

Swali (Kilombero): Haidroliki inainua plau kwa kusuasua, na oili yake nimekuta rangi ya chai ya maziwa.

Jibu: Maji. Oili ya gia na ya haidroliki kwenye 135 ni moja, na mvua huingia kupitia ile mipira iliyochakaa kwenye mizizi ya gia za mkono. Mwaga yote trekta likiwa limetoka kufanya kazi, osha chujio la pampu, weka mipira mipya, ndipo ujaze. Trekta likilala nje, funika gia kwa turubai.

Swali (Magugu): Ni mimi mwenye trekta la mgunga. Linafanya kazi, ila tangu pampu irudi kutoka mjini linagonga asubuhi na moshi mweupe unakaa muda mrefu.

Jibu: Kaka, siku ile tuliondoka giza limeingia, sikuangalia taimingi. Kwenye flanji ya pampu, pale inapofungwa na nati zake, kuna mstari uliochorwa, na kwenye injini kuna mwenzake. Safisha uone. Kama haikutani, legeza nati, zungusha bodi la pampu taratibu mpaka mistari ikutane, kaza, uliwashe usikilize. Nitapita Jumamosi nikielekea mnadani. Usiifungue pampu kabla sijafika.