Tike ya dola 45 haiko ya dola 45: namna ya kujipanga na ndege za bei ya chini

Mama yangu alitetemeka na baridi saa mbili nzima mu ndege kati ya Johannesburg na Cape Town, ju mi mwenye nilipanga safari sikujua kama mu ndege za vile hakuna blanketi na mayi yenyewe inauzishwa. Ndo maana ninaandika hivi vyote, ili mutu wa hapa Lubumbashi mwenye anapeleka muzazi wake ao watoto asipitie penye tulipitia.

Tulitoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, na kompanyi ya kawaida, kila mutu na valizi zake, tukakula, tukakunywa, vyote viko ndani ya bei. Johannesburg tukabadilisha, tukaingia mu kompanyi ingine ya bei ya chini, tike nilinunua mwenyewe ku telefone usiku moja nikasema aksanti Mungu, bei ndogo kabisa. Ku kontuari yule binti akaangalia valizi zetu tatu, akaangalia ekrani, akatuambia kwamba ku tike zetu hakuna bagaji hata moja. Nililipa. Zile valizi tatu peke zilinikamata karibu bei ya tike zote mbili. Kisha mu ndege mama anaomba mayi ya kumeza dawa ya tansion, hostesi anapita na kigari, mayi ni ya kuuza na wanakamata paka karti, dola zangu ziko mu mukono hazina kazi. Mzee moja ng'ambo ya korido njo alilipa na karti yake, akakatala kurudishiwa. Mama akaniuliza polepole, "Mutoto wangu, hata mayi banauzisha?" Sikuwa na jibu.

Sasa namna hizi kompanyi zinafanya kazi. Bei yenye unaona ku ekrani ni ya mwili wako, kiti chochote chenye kitabakia, na saki ndogo ya kuingia chini ya kiti cha mbele. Ingine yote, valizi, kuchagua kiti, chakula, mayi, kupanda wa kwanza, kubadilisha tarehe, inauzishwa mbalimbali. Haikuanza jana. Mu 2008 mafuta ilipopanda bei, kule Amerika American Airlines ilianza kulipisha dola 15 kwa valizi ya kwanza, JetBlue ikauzisha muto na blanketi dola 7, US Airways ikaanza kuuzisha hata mayi na soda. Mu 2009 mukubwa wa Ryanair, kompanyi ya bei ya chini ya Ulaya, Michael O'Leary, alisema anafikiria kulipisha choo, neno hilo likazunguka dunia nzima lakini haikufanyika, choo kiko bure mupaka leo. Bandugu ba Goma waliona ndege za hesabu hii mbele yetu, na Jambojet ya Kenya yenye ilianza kuruka Nairobi-Goma mu 2021, mbele uwanja wa ndege wa kule ufungwe mu mwezi wa kwanza 2025.

Ku valizi sigombani nao sana. Uzito unakula mafuta, mutu mwenye anabeba kilo 40 na mwenye anabeba kisaki, sawa, wasilipe moja. Lakini mayi hapana. Mu ndege hewa inakauka kuliko Lubumbashi mwezi wa nane, ku kontrole wamekukatalia kupita na chupa yako, kisha wanakuuzishia yao? Ile US Airways yenyewe iliacha kuuzisha mayi mu 2009, miezi kidogo tu kisha ya kuanza, ju kompanyi zingine kubwa hazikuifuata. Kwa hiyo inawezekana kubadilika.

Haya tuingie mu kazi. Kamata karatasi mbele ya kulipa, usifanye hesabu mu kichwa. Andika bei ya tike. Chini yake andika valizi ya kuenda, valizi ya kurudia (wengi wanasahau ya kurudia, na kurudia njo tunabebaka mingi), kiti, chakula, transport ya kufika uwanja wa ndege. Tuseme tike ni dola 45, valizi ya kilo 20 ni 25, kiti 6, mayi na sandwichi 9, ile tike yako imekuwa 85, na kurudia imefika 170. Sasa angalia kompanyi ya kawaida inaomba ngapi siku ileile. Pengine kuenda peke inaomba 80 na vyote viko ndani. Na ukitokea hapa kwetu usisahau Go-Pass, ile feza ya uwanja wa ndege yenye kila musafiri analipa, yenye RVA (kompanyi ya serikali ya viwanja vya ndege) ilianzisha mu 2009 kwa dola 10 ya ndani na 50 ya inje, uliza ajansi inakuwa ngapi leo na kama iko ndani ya tike ao unailipa mbali.

Angalia pia jina la bei. Ukiona neno kama "Lite", "Light" ao "Basic", simama, mara nyingi maana yake ni saki ya mukononi tu. flydubai kwa mufano iko na bei ya Lite yenye haina valizi ya chini, na mi ninajua wamama wetu wa biashara wenye wanaenda Dubai, hakuna anaenda kule kurudi na kilo 7. Kwa mutu kama huyo ile bei ndogo haina maana, heri anunue tangu mwanzo bei yenye kilo 30 ao 40.

Valizi nunua siku moja na tike. Bei yake inapanda kila hatua: rahisi ukinunua pamoja na tike, inaongezeka ukiongeza kisha, ku kontuari inakuwa kali, na kule ku mulango wa kupandia ndege njo mbaya kuliko zote. Kule hauna nguvu ya kubishana, ndege inaondoka, watu wanakuangalia, utalipa tu.

Saki ya mukononi, hapa ninaomba musome polepole. Kompanyi nyingi za Afrika ya kusini na mashariki wanakubali kilo 7. Ulaya, zenye bei ya chini kama Wizz Air na Ryanair, saki ya bure ni ya sentimetre 40 kwa 30 kwa 20, yani kama saki ya mutoto wa shule, na wanapima na magurudumu na mukono wa kuvutia ndani. Ile valizi ndogo ya magurudumu yenye tunapenda, tupu tu inaweza kuwa na kilo 2 na nusu ao 3, kwa hiyo kilo zako 7 zimebakia 4 mbele hata ya kutia soksi. Kamata saki ya mugongo ya kitambaa, laini, inakunjika mu kile chuma chao cha kupimia. Pima nyumbani. Kuko balanse ndogo za kuning'iniza, unafunga ku mukono wa valizi unainua, inakuonyesha namba. Kama hauna, panda wewe mwenyewe ku balanse ya kawaida na saki mu mukono, kisha panda bila saki, toa. Jiachie nusu kilo ju balanse yao na yako hazipatanaki kila mara. Na vikwembe, wamama, vina uzito: kikwembe cha yadi 6 kinapita nusu kilo, ukibeba sita za zawadi ni kilo tatu na zaidi zimeenda. Mavazi mazito na viatu vikubwa uvae, usitie mu saki. Koti yenye mifuko mikubwa mara nyingi haipimwi, mu mifuko unatia charja, kitabu, dawa, maziwa ya unga ya mutoto.

Kitu chenye kilituumiza siye, tike mbili mbalimbali. Ukinunua safari nzima ku tike moja, kwa mufano Lubumbashi mupaka kule unaenda, yote na Ethiopian ao Kenya Airways na wenzao, bagaji inafuata ile tike mupaka mwisho na ndege ya kwanza ikichelewa ni kazi yao kukutia mu ingine. Ukiunga mwenyewe, tike ya kwanza kompanyi hii, ya pili kompanyi ingine ya bei ya chini, basi zile kilo zako za tike ya mwanzo kompanyi ya pili haizijui, unatoka, unakamata valizi, unapita imigrasio, unaanza upya ku kontuari. Ukikosa ndege ya pili, tike imekufa. Kama unalazimika kuunga, weka masaa mingi katikati, mi ninaacha tano ao zaidi, na nunua kilo za tike ya pili kulingana na za tike ya kwanza. Na angalia viza, ju kutoka inje kukamata valizi ni kuingia mu inchi ya watu.

Chekini fanya ku intaneti siku ikifunguka, usingoje, hapa kwetu kuriani inaweza kupotea usiku wenye ulipanga kufanya. Ryanair, mutu mwenye hajafanya chekini ku intaneti anaombwa euro 55 ku uwanja wa ndege, kuko siku hiyo inapita bei ya tike. Kadi ya kupanda weka mu telefone, piga foto ya ekrani, na kama kompanyi inakubali karatasi printa moja. Wakati wa chekini watakuuliza unataka kiti gani, kila kiti na bei. Kama uko peke yako ruka, bonyeza kuendelea bila kuchagua, kiti watakupa tu. Kama uko na mutoto ao muzee, soma sheria yao mbele, ao lipa, ile dola kidogo iko na maana. Asuransi, gari ya kukodi, SMS ya kukumbusha, vyote watakutandikia njiani, tafuta kile kibutoni kidogo cha kukatala, kiko, hata kama wamekiandika na rangi ya kufifia.

Ndani ya ndege sasa. Mayi: beba chupa tupu, kontrole inaipitisha, ukishapita tafuta bomba ya kunywa ujaze. Ku Johannesburg ao Ulaya unaipata, fasi haina bomba nunua mbele ya kupanda, na hapo bei ni kali lakini mara nyingi inakuwa chini ya ile ya ndege. Chakula kikavu kinapita bila maneno, mikate, mandazi, karanga, mayai ya kuchemusha, kuku ya kukaanga ya jana. Chenye kinafanana na supu ao majimaji, sombe na mafuta yake, yogurti, confiture, hiyo wanahesabu kama mayi, mwisho mililita 100 kila chombo. Maziwa ya mutoto na dawa ya majimaji viko na ruhusa yake, beba na karatasi ya munganga. Kama muzee ni wa kumeza dawa, uliza hostesi kikombe cha mayi ya dawa na heshima, usiseme unataka kinywaji, sema "ya kumeza dawa", wengi wanakupa. Mi sikujua kusema vile siku ile.

Baridi: kikwembe. Kimoja kikubwa, kunja, tia juu kabisa mu saki. Ni blanketi, ni muto ukikizungusha, ni ya kubebea mutoto, ni ya kufunika macho. Soksi nzito pia. Ekuteri zako beba, filamu tia mu telefone ukiwa nyumbani na wifi. Pawabanki inakaa na wewe juu, haiendi mu valizi ya chini hata siku moja, na isipite wati-saa 100, yani karibu 27.000 mAh.

Karti. Beba karti ya Visa ao Mastercard yenye dola ndani, ile ya kulipia mbele inatosha, ju M-Pesa yako na falanga zetu hazifanyi kazi kule juu. Ukilipa ku intaneti wakikuuliza kama wakuhesabie kwa feza ya karti yako ao ya kompanyi, chagua ya kompanyi, benki yako mara nyingi inabadilisha muzuri kuliko wao.

Kwa wenye wanafika Ubelgiji ku bandugu, jina la uwanja lisiwadanganye. Brussels South Charleroi iko karibu kilomita 50 na Bruxelles, bisi ya kufika pale ulipe, iandike ku ile karatasi. Lakini kule kuko sheria moja yenye inakusaidia hata na tike ya euro 20: ndege yenye inatoka mu Ulaya ikikufikisha na kuchelewa masaa 3 ao zaidi na kosa ni lao, unaweza kudai euro 250 mupaka 600 kulingana na urefu wa safari, na mukingojea uwanjani masaa 2 ku safari fupi wanapashwa kuwapa chakula na kinywaji. Bure. Uombe, ju hawatakufuata kukuambia, na ukilazimika kujinunulia, chunga resi zote.

Kurudia kwetu nilinunua kilo ku telefone kwa dada yangu, siku nne mbele. Mama alifunga kikwembe mbele hata ya kukaa, chupa yake ya mayi yenye tulijaza ku bomba akaitia mu kile kimufuko cha kiti, akaonyesha hostesi akisema "mi niko na yangu", akalala.