Namna ya Kutumia Picha ya Ubongo katika Kufuatilia Matibabu ya Sonona

Familia nyingi zinazomleta mgonjwa wa sonona kliniki hapa Kisumu hubeba bahasha kubwa ya picha ya kichwa, na hutaka kujua kama picha hiyo inaonyesha kuwa dawa zimefanya kazi. MRI ya kawaida, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku yenye nguvu, huonyesha umbo la ubongo, si kama dawa zimefanya kazi. Kwa hiyo itumie kutafuta uvimbe, kiharusi au damu iliyovuja, hasa pale maradhi ya akili yanapoanza ghafla uzeeni au yanapoandamana na kifafa. Ripoti ikisema ubongo hauna kasoro, haina maana kwamba mgonjwa anajifanya. Nimeona vijana wakikatizwa dawa na jamaa zao kwa sababu ya sentensi hiyo moja, na inauma.

Ili kufuatilia matibabu, anza na dodoso la PHQ-9, linalopima ukali wa sonona kwa maswali 9 na alama 0 hadi 27. Lijazwe kabla ya kidonge cha kwanza, kisha lirudiwe kila baada ya wiki 2, kwa lugha ileile, iwe Kijaluo au Kiswahili. Alama zikipungua kwa nusu, matibabu yanaleta nafuu. Zikishuka chini ya 5, dalili zimetulia.

Mgonjwa akikubali kushiriki utafiti wa MRI ya utendaji, ambayo hufuata mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo, picha ya kwanza ipigwe kabla ya matibabu, na ya pili wiki kadhaa baadaye kwa mashine ileile. Kama alikunywa chai asubuhi ya kwanza, anywe kiasi kilekile mara ya pili, kwani kafeini hubana mishipa ya damu ya ubongo na kuvuruga kipimo. Avue hereni na pini za nywele, aelezwe mapema kuhusu kelele za mashine, na kichwa kiegemezwe kwa sponji, maana kusogea milimita chache tu huharibu picha.

Watafiti, akiwemo Helen Mayberg wa Marekani, wameona shughuli za eneo la 25, lililo ndani ya sehemu ya mbele ya ubongo, zikipungua wagonjwa wanapopata nafuu. Huo, hata hivyo, ni wastani wa kundi. Picha za utendaji za mtu mmoja zinaweza kutofautiana zikirudiwa, hivyo dozi isibadilishwe kwa kutazama rangi zake. Na swali la 9 la dodoso, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, likipata alama yoyote zaidi ya 0, mgonjwa aonwe na daktari siku hiyohiyo, picha iwe imetoka au bado.