Kibarua wa tumbaku akikujia bila ujira wake

Huku Urambo, mkoani Tabora, masoko ya tumbaku yakifunguliwa na mimi huanza kupata wageni wa usiku. Wengi ni vijana wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, waliokuja kwa treni au basi tangu wakati wa vitalu vya miche. Hodi yao ni ya chini. Kisa ni kilekile: amelima, amechuma, amekesha kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, akichochea moto, tumbaku imefungwa marobota ikauzwa, sasa bosi anamwambia hamdai kitu.

Nawaandikia wachungaji wenzangu na wazee wa kanisa wa Tabora na Kigoma pia, maana kijana huyu ametoka kwenu.

Kwanza ale, alale. Mama mchungaji alishanikataza kumhoji mtu mwenye njaa, na ana haki.

Pili, usikimbilie mimbarani. Msimu wangu wa kwanza nilisikia kisa Jumamosi, Jumapili nikafungua Yakobo 5:4, pale ujira uliozuiwa unapopiga kelele, huku nimemkazia macho mzee mmoja wa benchi la tatu. Kanisa zima lilielewa. Mzee akahama usharika, kijana akatolewa kibandani usiku uleule, na pesa hakuiona. Mimi nilijiona nabii Amosi, kumbe nimemponza mtu. Neno hilo siku hizi nalihubiri Oktoba, miche haijahamishiwa shambani, wakati hakuna anayemdai mwenzake. Kumbukumbu la Torati 24:15 linataka kibarua alipwe kabla jua halijachwa. Wakulima hucheka, kwani hapa tunalipana baada ya miezi tisa. Wacheke kidogo, kisha waulize wamepatana nini na vijana wao na nani aliandika.

Tatu ni daftari, na hapa usiwe na haraka. Andika jina, aliyemleta, aliyeshuhudia mapatano, kiasi walichokubaliana (kwa msimu au kwa eka), siku aliyoanza na kila alichokopeshwa. Kijana mmoja hakujua kusoma, nikamwaga punje za mahindi mezani, kila punje shilingi 10,000. Mapatano yalikuwa laki sita: punje 60. Akaanza kuziondoa mwenyewe, taratibu, kwa kidole kilichoingia weusi wa utomvu wa tumbaku usiotoka kwa sabuni. Debe nne za mahindi, punje 8. Sabuni na chumvi, 2. Dawa ya malaria, 2. Nauli ya kwenda kumzika baba yake na kurudi, 10. Hiyo alinyamaza kwanza ndipo akaziondoa. Zikabaki 38. Kwa hesabu ya bosi zilikuwa zimebaki 4.

Nne, mwendee mwenye shamba asubuhi, wewe na mzee mmoja wa kanisa anayeheshimika, basi. Ukienda na kundi la vijana umetangaza vita. Muulize kwanza soko lake limekwendaje, tena usikilize, kwa sababu mara nyingi naye anadai: chama cha msingi cha ushirika kimekata mkopo wa pembejeo, au malipo ya kampuni hayajaingia. Hilo halifuti deni la kijana, ila linakuonyesha pesa imekwama wapi.

Bosi wa yule kijana wa punje, naye mzee, aliniambia, "Mchungaji, huyu mtoto nimemlisha miezi tisa."

Nikamjibu, "Kweli mzee wangu, umemlisha. Tuhesabu pamoja."

Nikamwaga zilezile punje mezani kwake. Ikaonekana, kati ya mengine, ameandika debe saba, na viatu vya mpira ambavyo kijana alishavirudisha. Kufika saa sita mchana tulikubaliana punje 33. Nusu akatoa palepale, nusu chama kikilipa. Tukaandika, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia, kijana akaweka dole gumba.

Si wote hukubali. Akigoma, ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na ugomvi ukitokea huku mwajiri hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Kukata deni kwenye ujira nako kunahitaji mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Wakulima wengi hawajawahi kusikia haya mawili, na mara nyingine kuyataja kwa upole kunatosha.

Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Tabora mjini, kilomita 90 hivi kutoka hapa. Unajaza fomu namba 1, unampa mwajiri nakala, kisha unaiwasilisha. Shika siku: madai ya ujira yana siku 60 tangu mgogoro uanze, na anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30. Kuna binti niliyemwambia avumilie, tuombe, Bwana atatenda. Nilipokuja kushtuka, siku 60 zilikuwa zimepita. Kuna ombi la kuruhusiwa kuchelewa, lakini linataka sababu nzito, na sababu yetu ilikuwa mchungaji wake. Sikuwa na uso wa kuiandika.

Polisi usianzie. Watakwambia hayo ni mambo ya kudaiana, na ni kweli. Ila ukikuta mtoto chini ya miaka 14 ameajiriwa, hapo hakuna mazungumzo ya punje: mtafute afisa ustawi wa jamii, au piga 116, ni bure. Na mtoto anayechuma majani mabichi yenye umande kisha akatapika na kuona kizunguzungu, usiseme ni malaria tu. Sumu ya tumbaku hupenya kwenye ngozi.

Pesa ikipatikana, kijana asisafiri nayo mfukoni. Wanaovizia mabegi ya msimu wanajua tarehe kuliko sisi. Itumwe kwa simu kwa mtu anayemwamini, abaki na nauli na ya kula njiani. Yule wa punje aliituma kwa mama yake Kasulu kwa simu ya mama mchungaji, akakaa palepale mezani bila kusema, mpaka simu ikaita na mama akasema imeingia. Ndipo akaomba chai.