Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwekea Mgonjwa wa Nusu Kaputi Maski ya Koromeo

Maski ya koromeo, kifaa cha kumpitishia hewa mgonjwa aliyelazwa kwa dawa, ambayo daktari Mwingereza Archie Brain alianza kuibuni mwaka 1981 na ambayo ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1988, huingia kirahisi kiasi kwamba mtu huweza kusahau kuwa kazi kubwa ilipaswa kufanyika kabla haijatolewa kwenye pakiti. Kifaa hiki hukaa juu ya nyuzi za sauti, kikizunguka mlango wa koromeo huku ncha yake ikitua pale umio unapoanzia. Hakipenyi ndani ya koo la pumzi kama ufanyavyo mpira wa kupumulia wenye puto, na kwa hiyo tumbo likirudisha kilichomo, hakuna kizuizi cha uhakika kati ya matapishi na mapafu. Ndiyo maana tunaanza na tumbo, si na kifaa.

Kwa upasuaji usio wa dharura, mgonjwa anatakiwa awe amekaa saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama ikiwa ni mtoto mchanga, na saa 2 bila maji. Maziwa ya ng'ombe huhesabiwa pamoja na chakula. Hata hivyo, saa peke yake hazitoshi. Mwenye utumbo ulioziba, mjamzito katika miezi ya mwisho, mtu anayesumbuliwa na kiungulia kikali kila alalapo, majeruhi mwenye maumivu makali au aliyepewa morfini, na yule ambaye kisukari cha miaka mingi kimelegeza tumbo lake, wote wanaweza kuwa na tumbo lililojaa hata kama walikula jana, na salama yao ni mpira wa kwenye koo la pumzi. Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Ukimwuliza mgonjwa "Hujala?" naye akajibu "Ndiyo," hujui kama amekubali kwamba hajala au anakiri kwamba amekula. Ni afadhali kuuliza ni kitu gani alichotia kinywani mara ya mwisho, na ilikuwa saa ngapi.

Kisha mwambie afungue kinywa. Kikifunguka chini ya sentimita 2.5 hivi, kifaa hakitapita vizuri. Jino linalocheza lijulikane mapema, na meno ya bandia yavuliwe. Mapafu yaliyokakamaa au mwili mnene sana huhitaji msukumo mkubwa wa hewa, ilhali maski za kizazi cha kwanza huanza kuvuja, na pengine kusukuma hewa tumboni, msukumo unapozidi sentimita 20 za maji (ndicho kizio cha kupimia msukumo huo). Maski za kizazi cha pili huziba vizuri zaidi na zina njia ya pembeni inayoruhusu mrija mwembamba kupita hadi tumboni. Zikiwapo, mimi sioni sababu ya kuchagua zile za zamani.

Saizi huchaguliwa kwa uzito, na vipimo vilivyozoeleka kwa maski zenye puto, yaani ukingo unaojazwa hewa, ni namba 3 kwa kilo 30 hadi 50, namba 4 kwa kilo 50 hadi 70, na namba 5 kwa kilo 70 hadi 100, ingawa maandishi ya pakiti yenyewe ndiyo ya kufuatwa kwa sababu aina hutofautiana. Weka mezani saizi uliyoichagua pamoja na ya juu yake na ya chini yake. Jaza puto hewa kwa sirinji, ulitazame kwenye mwanga: likivimba upande mmoja au likisinyaa taratibu, tupa. Likiwa zima, litoe hewa yote mpaka lilale bapa bila mkunjo, halafu paka jeli upande wa nyuma tu, ule utakaoteleza kwenye kaakaa, kwa kuwa jeli ya upande wa mbele huweza kudondokea kwenye nyuzi za sauti na kuzikaza. Andaa pia kipimo cha msukumo wa puto, ambao haupaswi kuzidi sentimita 60 za maji; puto lililojazwa kupita kiasi huumiza koo na mishipa ya fahamu ya ulimi, na mara nyingi huvuja zaidi.

Kati ya dawa za kumlaza mgonjwa, propofoli huwa na faida kuliko thiopentoni hapa kwa sababu hutuliza zaidi kikohozi na hali ya kutaka kutapika koo linapoguswa. Iwe tayari ya ziada, na suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli, iwe karibu endapo koromeo litakaza.

Kabla ya sindano ya kwanza, mpango wa kushindwa utamkwe kwa sauti, kila aliye chumbani ausikie. Mgonjwa avutishwe oksijeni. Mashine ya kufyonza iwe imewashwa na mdomo wake uwe chini ya mto. Laringoskopu (kifaa chenye taa cha kutazamia koromeo), mipira na maski ya usoni viwe mahali mkono unapofika bila macho kutafuta. Idadi ya majaribio ikubaliwe: mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 kuhusu mpira wa kupumulia ulioshindikana kuingizwa uliruhusu majaribio ya vifaa hivi yasiyozidi 3. Kinachothibitisha kwamba hewa inapita ni mchoro wa kabonidioksaidi kwenye skrini, unaopanda, kunyooka na kushuka kwa kila pumzi, kwa hiyo hakikisha kipimo hicho kinafanya kazi kwa kukipulizia mwenyewe.

Mwisho, zungumza na muuguzi atakayempokea mgonjwa. Ajue kwamba puto halitolewi hewa mgonjwa akiwa bado amelala, kwani mate yaliyotuama juu yake yatatiririkia koromeoni. Asubiri mpaka mgonjwa aambiwe afungue kinywa, naye akifungue mwenyewe.